Kuisoma Tamthilia ya Runinga (2): Mke Mmoja, Mama Wakwe Wawili

Juma lililopita tulijadili msuko, yaani jinsi matukio yanavyopangwa ili mtu arudi kutazama kesho. Leo ni zamu ya utanzu, yaani aina ya hadithi na kanuni zake, na usawiri, yaani jinsi watu wanavyochorwa. Nitavieleza pamoja, maana mara nyingi utanzu ndio unaoamua nani aonekane na aonekane vipi.

Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilivuma kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa Uchina, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja kwa jina. Si kila siku ugomvi wa wakwe unaingia kwenye hotuba ya mkuu wa nchi.

Kabla ya hapo, kwa watazamaji wengi, Mchina wa kwenye filamu alikuwa Bruce Lee, kisha Jackie Chan. Filamu za kung fu humtaka mhusika awe na mwalimu, kisasi na ngumi. Habari za nani atampikia mzee wake hazimhusu. Doudou, kinyume chake, ni muuguzi. Mumewe, Yu Wei, ni mpiga picha. Wazazi wa Yu Wei waliachana na baba akaoa tena, kwa hiyo bibi harusi anajikuta na mama wakwe wawili: mama mzazi wa mumewe na mama wa kambo.

Hapo mtunzi kacheza vizuri. Mama mkwe mmoja angeleta ugomvi tu; wawili wanaleta hadithi. Ukimtembelea huyu, yule ananuna. Ukimsifia yule, huyu anauliza yeye kakosa nini. Taharuki inazaliwa bila jambazi, bila mchawi, bila ajali ya gari. Na mtazamaji wa Temeke au Tanga hakuhitaji kufundishwa kanuni za utanzu huu wa tamthilia ya kifamilia: vijembe vya wakwe na mawifi anavijua tangu kwenye taarabu, anajua hata nani atanyamaza na kwa nini.

Lakini utanzu huohuo una upofu wake. Tamthilia ya Isidingo ya Afrika Kusini iliendelea kuanzia 1998 hadi 2020, ikiweza kuacha donda wazi miaka mingi. Ya Doudou ina sehemu 36, na tamthilia ya kifamilia yenye mwisho hutarajiwa kupatanisha. Mzigo wa kupatanisha kabebeshwa nani? Mke. Ucheshi na subira yake ndivyo vinavyoishikilia nyumba, huku mume aliyekwama katikati akipewa huruma yetu bure. Kwangu mimi hapo ndipo tamthilia inapokuwa ya kihafidhina kuliko inavyojionyesha. Tena Uchina tunayoiona ni ya sebule za mjini. Kijana aliyetoka kijijini kwenda kufanya kazi kiwandani hana kiti humo.

Bado kuna tabaka jingine la usawiri: Doudou tuliyemsikia si yule waliyemsikia Wachina. Kiswahili chake kilichaguliwa, na mwaka 2016 StarTimes ilifanya mashindano Dar es Salaam ya kutafuta watu wa kuingiza sauti kwenye tamthilia za namna hiyo. Sauti hizo ndizo tutakazozisikiliza juma lijalo.