Shilingi 29 Mara Tatu kwa Wiki: Nauli ya Mombasa Imejificha Hapo

Ukitoka mjini Machakos kuelekea Kituluni, kama kilomita 12 hivi, kuna kipande cha barabara kinachoitwa Kyamwilu. Dereva akizima injini na kutoa gia, gari linaanza kupanda mlima lenyewe, polepole. Ukimwaga maji kwenye lami, nayo yanapanda. Wengine husema ni miujiza, wengine husema ni macho tu: vilima vya pale vimekaa kwa namna ambayo mteremko unaonekana kama mwinuko. Mimi niko na hao wa pili, lakini bado raha yake haipungui.

Kinachoshangaza zaidi ni wenyeji wangapi hawajawahi kufika. Muulize mtu wa mjini hapa ndoto yake ya safari ni ipi, atakutajia Diani, Dubai, Zanzibar. Kyamwilu, ambayo ni safari ya matatu na boda, ataenda "siku moja". Na ukimuuliza mbona hiyo Diani yenyewe hajaenda, jibu ni lile lile: pesa hakuna.

Sawa. Tuangalie simu basi.

Bonyeza *334# au ufungue programu ya M-Pesa, uombe taarifa ya miezi mitatu iliyopita. Usitafute matumizi makubwa, hayo unayajua: kodi, karo, shopping ya mwisho wa mwezi. Tafuta mistari midogo midogo ya ada. Wengi wetu tuna tabia ya kutoa mia tano kwa wakala Jumatatu, mia tano nyingine Jumatano, na nyingine Ijumaa, kwa sababu "nikitoa nyingi nitakula zote". Kwa bei za sasa, kutoa shilingi 500 kwa wakala ni shilingi 29. Kutoa shilingi 1,500 pia ni 29. Hata 2,500 bado ni 29. Kwa hivyo yule wa mara tatu analipa 87 kwa wiki, na wa mara moja analipa 29, kwa pesa zile zile.

Tofauti ni shilingi 58. Inaonekana kama nauli ya boda tu. Zidisha kwa wiki 52, upate 3,016.

Sasa, nauli ya treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kwenda na kurudi ni 3,000. Na bado unabaki na kumi na sita!

Kuna mwingine utauona kwenye taarifa hiyo. Ukilipa dukani kwa nambari ya Till, wewe mnunuzi hukatwi chochote. Ukimtumia mama mboga kwa Pochi la Biashara au kwa nambari yake ya kawaida, unakatwa ada ya kutuma ikiwa pesa imepita shilingi 100. Hadi shilingi 100, kutuma ni bure. Simwambii mtu amkwepe mama mboga wake, hasha. Ila kama unanunua kwake kila siku kwa 120, ongeeni: pengine mlipane mara moja kwa wiki, mwenye daftari ni yeye.

Pesa ikishapatikana, iondoe machoni. M-Shwari ina akaunti ya kufungia akiba, unachagua mwezi mmoja hadi sita. Ukibadilisha nia kabla ya wakati, inabidi usubiri saa 48. Hizo saa hamsini kasoro mbili ndizo dawa yenyewe, maana hamu nyingi za Ijumaa jioni huwa zimeisha Jumapili asubuhi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu akiba ya mwaka mzima inaweza kuondoka kwa dakika moja. Msimu wa Desemba na Pasaka, mitandao ya kijamii hujaa picha za nyumba nzuri za kukodi pwani, bei ya kutupa. "Tuma deposit sasa, kuna mtu mwingine anaitaka." Picha zimeibwa mahali, nyumba haipo, na nambari ni ya mtu binafsi. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama tangazo linasema hoteli na jina ni la mtu usiyemjua, simama hapo. Pigia hoteli kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile ya kwenye tangazo. Mtu halali hatakasirika ukichelewa nusu saa kuhakikisha.

Ukiwa tayari umetuma kimakosa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo. Fanya haraka, kwa sababu pesa ikishatolewa upande wa pili, kurudishiwa huwa vigumu. Ujumbe wa kitapeli unapelekwa kwa 333. Na anayekupigia akisema ni wa huduma kwa wateja, angalia nambari: Safaricom hupiga kutoka 0722 000 000 pekee, na hakuna mfanyakazi atakayekuuliza PIN. Hata mara moja.

Tiketi ya treni yenyewe usinunue kwa mtu wa katikati. Piga *639#, ufuate maelekezo, ulipe kwa M-Pesa, na ubebe kitambulisho chako siku ya safari. Jambo ambalo watu wa Machakos hawalijui sana: treni ya asubuhi, ile inayosimama kaunti mbalimbali, husimama Athi River. Huna haja ya kwenda hadi Syokimau na kurudi njia ile ile.

Itapita Emali, Kibwezi, Mtito Andei, kisha Voi, katikati ya Tsavo. Ukienda, tafuta kiti cha upande wa kulia. Mawingu yakiwa yamepungua, maeneo ya Emali unaweza kuuona Kilimanjaro, na kuanzia Mtito Andei angalia chini karibu na reli: ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa vumbi la huko, usije ukadhani ni kichuguu.