Ujamaa wa Nani? Mshikamano wa Wanyonge na Ujanja wa Wakubwa

Wapo wahakiki wanaoisoma Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi na kuhitimisha kwamba mwandishi anaupinga ujamaa. Mimi sikubaliani nao. Naona kinachopingwa ni neno la wanyonge kuporwa na wakubwa.

Kwetu Bukiriro, wilayani Ngara, shamba likimshinda mtu huita majirani. Kila mmoja huja na jembe lake, na kesho zamu ni ya mwingine. Hakuna ofisa anayesimama pembeni kuita majina. Mshikamano hujengwa hivyo: kazi ya pamoja, zamu inayojulikana, na sauti ya kila mmoja.

Ndivyo walivyoanza wakulima wa Litowa, Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijiji vya Chama cha Maendeleo Ruvuma (RDA) vilijipangia kazi na kugawana mapato katika mikutano yao wenyewe. Hata shule waliiendesha wenyewe. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Lakini neno "ujamaa" halikuvunjwa, jamani! Lilihamia ofisini. Katika Operesheni Vijiji (1973–1976) likawarudia wakulima likiwa amri. Huo ndio ulimwengu wa riwaya ya Kezilahabi.

Linganisha na Kamiriithu, Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, wakiirekebisha miswada ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ilipiga marufuku mchezo na kumfunga Ngũgĩ wa Thiong'o bila kesi. Mwaka 1982 kikundi kilirudi na mchezo mwingine. Kikanyimwa kibali, na jukwaa likabomolewa. Lakini rungu halikuficha adui ni nani. Neno lilibaki la wanakijiji.

Hapa pana funzo. Anayekupiga marufuku unamjua; anayeazima neno lako na kukurudishia kama agizo ni vigumu kumkataa, maana anaongea kwa sauti yako. Kinga ni wanachama kushika mkutano, mfuko na lugha yao wenyewe.

Na sisi wasomi tusijitoe. Wengi wetu tunaelekea ofisi hizo hizo. Basi tunapohakiki kazi yoyote inayotaja "umma", tuulize: neno hili lilianza kwa nani, na sasa limeshikwa na nani?