Tutayarishe Mitego ya Mbung'o

Msimu wa kurina asali unakaribia. Je, mitego ya mbung'o ya kijiji chako iko tayari? Mbung'o huleta malale. Ugonjwa huu umekuwako Kibondo na Kasulu kwa miaka mingi, nao huua.

Mtego ni kitambaa cha buluu na cheusi. Rangi humvuta mbung'o, dawa humwua. Jua na mvua hupunguza dawa. Kitambaa hubaki, lakini hakiui tena.

Mwombeni Bwana Mifugo dawa ya deltamethrini na kipimo chake. Msitie dawa ya pamba kwa kukisia. Vaeni glavu za mpira. Msichovye kitambaa mtoni, samaki watakufa.

Nguzo zipakeni oili chafu, mchwa wasizile. Oili isiguse kitambaa, huficha rangi. Kitambaa kilichopauka kibadilisheni. Fyekeni majani kuuzunguka mtego.

Na wewe unayekwenda porini, usivae nguo za buluu wala nyeusi. Ukirudi ukapata homa, au kidonda mahali ulipoumwa, usingoje usingizi wa mchana. Hapo ugonjwa umekwisha kuingia kichwani. Njoo upimwe damu upesi. Malale hutibika ukiwahi.