Uhuru wa Mtu na Mamlaka ya Dola: Mafunzo Kutoka Tarime na Serengeti

Kada akimsikia mwananchi wa kijijini akisema kwamba dola isiingilie mambo yake, mara nyingi huharakisha kumpachika jina: mkorofi, mpinzani, kibaraka. Kumpachika mtu jina si uchambuzi. Makala haya yanaeleza fikra hiyo ni nini, ilichipuka vipi katika wilaya za Tarime na Serengeti, na tuipime kwa kipimo gani.

Fikra yenyewe

Nadharia ya uhuru wa mtu husema kwamba kila mamlaka inawajibika kujieleza kwa wale inaowatawala. Isipoweza kujieleza, haina haki ya kutiiwa. Nadharia hii ina matawi mawili. Tawi la kibepari hutetea mali ya binafsi na soko, na hutaka dola ibaki mlinzi tu. Tawi la kijamaa, ambalo Mrusi Peter Kropotkin alikuwa miongoni mwa wananadharia wake wakuu, husema kwamba wazalishaji wanaweza kuendesha mambo yao kwa vikao na ushirika, bila mabwana. Mfugaji wa Tarime hakuhitaji vitabu hivyo. Historia yake mwenyewe ilimfundisha.

Chimbuko

Kabla ya ukoloni Wakuria hawakuwa na mfalme. Kila ukoo mkubwa, wenye eneo lake, ulijiendesha kwa marika, baraza la wazee, na ritongo, yaani mkutano wa hadhara wa wanaume. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliweka machifu wa kukusanya kodi. Hivyo dola iliingia huko kama amri kutoka nje.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963, lakini tabia ya kuamrisha haikufutwa pamoja nao. Katika andiko lake la mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu hujiendeleza wenyewe, hawaendelezwi na wengine. Hata hivyo, katika operesheni za vijiji za miaka ya 1970, watu wengi nchini walihamishwa kwa nguvu.

Umma wajilinda

Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha ulizidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Kahama na maeneo jirani ya Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu bila kusubiri kibali. Polisi na mahakama waliwaona kuwa wavunja sheria. Viongozi wa Chama, Mwalimu akiwamo, waliwaunga mkono, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa madaraka ya kukamata wahalifu.

Katika miaka ya 1990 sungusungu iliingia kwa Wakuria wa Tarime na kuungana na ritongo, na mwaka 1998 ikavuka mpaka hadi Kuria ya Kenya. Nguvu yake ilitokana na uwazi: mwizi alitajwa mbele ya watu wanaomfahamu. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa pia. Watuhumiwa walipigwa ili wakiri, na aliyepigwa hakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Ili tuelewe mipaka ya kibali cha dola, tulinganishe na Ruvuma. Huko, wakulima wa Litowa na vijiji wenzake waliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakaishi kijamaa kwa hiari yao hata kabla ya Azimio la Arusha la 1967. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Tofauti iko wapi? Sungusungu walilinda ng'ombe. Wakulima wa Ruvuma waliamua wenyewe juu ya uzalishaji, elimu na uongozi. Urasimu huvumilia umma unaoupunguzia kazi, lakini huuogopa umma unaoushirikisha madaraka.

Uhuru wa nani?

Hata hivyo, tusiabudu mila. Ritongo lilikuwa la wanaume. Ukoo unaoikataa amri ya mkuu wa wilaya unaweza, siku hiyo hiyo, kumwamrisha binti wa miaka kumi na miwili akeketwe. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria peke yake haikumpa binti huyo mlango wa kukimbilia. Mlango huo ulifunguliwa na wanaharakati wa mahali hapo: nyumba salama za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti, zimewapokea wasichana wanaotoroka msimu wa Desemba. Msichana anayetembea usiku kwenda huko anatetea uhuru wa mtu dhidi ya ukoo wake mwenyewe, na katika safari hiyo polisi na mahakama ni ngao yake. Basi dola si adui siku zote, wala jamii si mkombozi siku zote.

Wajibu wa kada

Mbele ya kila mamlaka, iwe ya mkuu wa wilaya, ya mzee wa mila au ya tawi la Chama, kada aulize:

(a) Nani anaamua, na nani hakuitwa kikaoni?
(b) Asiyekubali anaweza kusema hapana bila kudhurika?
(c) Aliyeamua vibaya anawajibishwa na nani?

Maswali haya yaanzie tawini kwetu. Kada asiyeweza kuyajibu kuhusu kikao anachokiongoza yeye hana haki ya kumwita mwananchi anayeyauliza adui wa umma.