Pesa ya Marudio

Kila bajeti ya mradi wa dharura niliyowahi kuonyeshwa ina mstari wa mafunzo, na fedha zikipungua mstari huo ndio unaofutwa kwanza. Maturubai yanabaki, sabuni inabaki, mafuta ya magari yanabaki. Siwalaumu wanaonunua maturubai: mama aliyevuka mpaka usiku na watoto mgongoni anahitaji pa kujisitiri. Lakini mtu aliyekatwa mshipa wa paja anaweza kufa ndani ya dakika chache, na katika dakika hizo turubai liko bado ghalani, daktari yuko bado wodini. Aliye karibu ni jirani. Jirani huyo amefundishwa au hakufundishwa, na hapo ndipo penye uhai wa mtu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkaazi wa Kibuli, Kampala. Adhana ya msikiti mkuu wa mlimani ndiyo saa yetu, na kambi ya polisi iko jirani, kwa hiyo Kiswahili hapa hakikosekani hata Waganda wengine wakikiogopa. Tangu nilipoacha wodi nafundisha huduma ya kwanza na maandalizi ya dharura: madrasani, shuleni, kwenye steji za bodaboda, na mara nyingine huko magharibi, Kasese na Kisoro, mtu akinilipia nauli. Wanafunzi wangu wengi wa Kampala siku hizi ni kina mama wa Kikongo wanaotembeza vitenge na bidhaa ndogondogo.

Msomaji anaweza kuuliza: Kibuli na vita, wapi na wapi? Mpondwe, mpakani na Kongo, ni takriban kilomita 400 kutoka hapa. Lakini usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika mgahawa wa Ethiopian Village pale Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo, Lugogo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Al-Shabaab walisema wametuadhibu kwa sababu ya askari wetu walioko Somalia. Kabalagala kutoka kwangu ni mwendo mfupi wa bodaboda. Halafu tarehe 16 Novemba 2021 mabomu mengine yakalipuka katikati ya mji, karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge. Mwezi ule ule ulipokuwa unaisha, tarehe 30, jeshi la Uganda liliingia Kongo pamoja na jeshi la huko kuwasaka waasi wa ADF. Vita vya mbali vina njia ya kufika mjini, na sisi wa mjini tuna ndugu, wateja na wapangaji wanaotoka huko.

Niwaeleze darasa lenyewe, kwa sababu wengi wanaposikia neno mafunzo huwaza hoteli, kalamu za bure na cheti. Darasa langu halihitaji umeme. Nachukua kitenge cha zamani, nachana utepe wenye upana wa vidole vitatu au vinne. Namlaza kijana mmoja kwenye mkeka, nachora jeraha pajani kwa kalamu nyekundu. Kwanza mkono: kunja kitambaa, weka juu ya jeraha, kandamiza kwa uzito wako wote, usiinue kuchungulia kama damu imekoma. Kama jeraha ni la mkono au mguu na damu bado inaruka, funga utepe juu ya jeraha, upande wa moyo, kama upana wa kiganja kutoka kwenye jeraha, usifunge juu ya goti wala kiwiko. Weka kijiti imara kwenye fundo, kizungushe hadi damu isimame, kisha kifunge kijiti kisirudi nyuma. Majeruhi atalia kwa maumivu, usilegeze. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake au mkononi, na asifungue mtu mpaka afike mikononi mwa mganga. Waya na kamba nyembamba hazifai, zinakata nyama na damu haikomi.

“Hajjati, na kama sina kitenge?” wanafunzi huniuliza kila mara.

“Shuka unayo? Shati ulilovaa je?”

Tunarudia hadi mikono inafanya bila kuulizwa. Baadaye tunaingia kwenye mambo yasiyo na damu. Familia itakutana wapi ikitawanyika. Nani anambeba bibi asiyeweza kutembea. Vyeti na kadi za kliniki vikae wapi ili mkono uvipate gizani. Mtoto akiona chuma kigeni shambani asikiguse, asikirushie jiwe, arudi kwa njia aliyopitia na kumwambia mtu mzima. Somo hili la mwisho watu wa Kasese walilijua mapema, kwa sababu ADF walitega mabomu ya ardhini Rwenzori miaka ya 1990, na ilichukua hadi 2012 Uganda kutangazwa kuwa imemaliza kuyasafisha.

Hapo ndipo kina mama wa Kikongo wanaponifundisha mimi. Mmoja wao, aliyetoka Rutshuru, alinyanyua mkono katikati ya somo akasema kwa upole, “Mama, pole, ila namba ya simu kwenye karatasi haifai, tunavuka mito.” Alikuwa ameshona namba ya kaka yake kwenye pindo la gauni la binti yake, kwa uzi mweusi, tarakimu baada ya tarakimu. Mwingine alieleza kwa nini sufuria haibebwi wakati wa kukimbia: inalia ikigonga. Hakuna kitabu cha mafunzo nilichowahi kupewa chenye mambo hayo. Kama kuna pesa ya kulipa wakufunzi, hawa ndio wa kulipwa kwanza, na kwa kawaida wao huitwa kama walengwa, wanasaini karatasi ya mahudhurio na kupewa soda.

Kuna tarehe mbili ambazo siwezi kuziacha. Tarehe 8 Juni 1998 ADF walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakachoma mabweni. Wanafunzi 80 walikufa. Tarehe 16 Juni 2023, kundi lile lile lilivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, si zaidi ya kilomita mbili kutoka mpaka wa Kongo. Bweni la wavulana likachomwa, wasichana wakakatwa mapanga, na waliokufa walizidi 40, wengi wao wanafunzi. Miaka 25 imepita kati ya moto ule na huu. Hakuna somo la huduma ya kwanza linalozuia panga au risasi, na anayewaambia wazazi vinginevyo anawadanganya. Ulinzi ni kazi ya dola. Lakini shule iliyo mpakani na kundi linalojulikana kwa kuchoma mabweni inastahili mlango wa pili, dirisha linalofunguka kwa ndani, kengele ya kuwaamsha majirani, na mazoezi ya usiku ya kutoka. Mambo haya yanahitaji fedha kidogo kuliko jiwe la kumbukumbu na misafara ya rambirambi.

Tunajua kwamba maandalizi yanayolipiwa mapema yanafanya kazi, kwa sababu mpaka huo huo ulituonyesha. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ililipuka katikati ya vita: wagonjwa walikuwa Beni na Butembo, mahali ambapo wahudumu wa afya walikuwa wakishambuliwa na watu wakikimbia kila wiki. Uganda haikungoja. Serikali na wafadhili walitoa fedha wakati hatuna hata mgonjwa mmoja. Wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165 walichanjwa. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliwekwa mipakani kupima joto na kunawisha watu mikono. Wauguzi walifundishwa, wakafundishwa tena. Juni 2019 familia moja ilivuka kutoka Kongo na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa, wakampeleka hospitali ya Kagando. Wahudumu pale walishuku Ebola, akahamishiwa kitengo cha Ebola cha Bwera. Mtoto yule alifariki, na bibi yake na mdogo wake walipatikana nao wameambukizwa. Lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Upande wa pili wa mpaka, mlipuko ule ulipoisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Mimi nimekaa sana na mfano huu. Watu ni wale wale, barabara ile ile, vituo vile vile. Kwa nini fedha za maandalizi ya Ebola zilipatikana, na za maandalizi ya mashambulizi hazipatikani? Jibu langu ni kwamba virusi hupanda ndege. Ebola ya Mpondwe ingeweza kutua Ulaya kesho yake, panga la Mpondwe haliendi kokote. Sisemi hivi kwa chuki. Nasema ili tujue kwamba kwa jambo hili mfadhili wa mbali hatasukumwa na hofu yake mwenyewe, itabidi asukumwe na sisi, na tuanze kuweka chetu.

Kwa sheria, msingi upo. Katiba ya 1995, ibara ya 249, inaagiza kuwepo kwa tume ya kujiandaa na kukabiliana na majanga, ya asili na yanayosababishwa na binadamu. Zaidi ya miongo miwili ilipita bila tume hiyo kuundwa, na kazi hiyo imebebwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Sera ya taifa ya majanga ya mwaka 2010 inashusha kamati hadi kijijini. Ni sera nzuri, nimeisoma. Lakini kamati ya kijiji isiyo na fungu lake la fedha hukutana baada ya janga, kuandika majina ya waliopoteza. Nje ya serikali iko mifuko ya dharura, kama ule wa Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu ulioanzishwa mwaka 1985, nao unatoa pesa haraka na umeokoa wengi. Lakini umewekwa kwa ajili ya dharura iliyotokea au iliyokwisha kubisha hodi. Kijiji kilichotulia mwaka huu, kinachotazama moshi upande wa pili wa mto, hakina dirisha la kuombea.

Na wakati ni mgumu. Huko Kongo waasi wa M23 waliteka Bunagana Juni 2022, Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na watu wameendelea kuvuka kuja Kisoro. Mwaka huo huo wa 2025 Marekani ilisimamisha kisha ikafunga shirika lake la misaada, USAID, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likawaondoa wakimbizi karibu milioni 1 wa hapa Uganda kwenye mgao kwa kukosa fedha. Chakula kikikatwa, nani atasema mafunzo yabaki? Mimi nasema yabaki, ila yabadilike.

Yabadilike hivi. Warsha moja kubwa kwa mwaka, mjini, yenye posho na mabango, ni pesa iliyopotea. Ujuzi wa mikono hufifia ndani ya miezi michache. Nimewahi kurudi kwa kundi lililofanya vizuri nikakuta wanafunga utepe chini ya jeraha. Hawakuwa wazembe, hakuna aliyewarudisha mazoezini. Marudio ya saa mbili kila baada ya miezi mitatu, yakifundishwa na mtu wa hapo hapo kijijini kwa lugha ya hapo, yanahitaji nauli yake, chai na maandazi ya watu thelathini, bandeji za kufanyia mazoezi na malipo halali ya kazi yake. Sijawahi kuona mfadhili akiandika mstari wa marudio bila kuombwa, na ndio mstari ninaoupigania kuliko yote.

Na fedha za kwetu zipo. Kilima hiki cha Kibuli ni ushahidi. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake hapa kwa ajili ya Waislamu, na juu ya ardhi hiyo umesimama msikiti uliofunguliwa 1951, shule na hospitali. Hakungoja mtu wa nje aandike mradi. Wakfu wa vyumba viwili vya kupangisha, Kasese au hapa Kampala, kodi yake ikiwekwa kwa ajili ya marudio na vifaa, ungeendesha madarasa ya vijiji kadhaa bila kukoma, mfadhili awepo asiwepo. Kuhusu zaka, masheikh ndio wenye kauli. Kuhusu sadaka hakuna anayehitaji fatwa. Makanisa nayo yana vikundi vyao, na vyama vya akiba vya kina mama vimezoea kuchangia mazishi; navisihi vichangie pia kinachopunguza mazishi.

Ijumaa hii au Jumapili hii, baada ya ibada, uliza mtaani kwenu ni nani anayejua kusimamisha damu, na ni nani ana ufunguo wa mlango wa nyuma wa shule. Usipopata jibu, kusanyeni nauli ya mkufunzi mmoja na mumwite, na siku hiyo hiyo mpange naye siku ya kurudi. Msalaba Mwekundu wa Uganda, ulioanza 1939, una matawi mikoani na makao makuu yake yako Lubaga. Anzeni hapo.