Kompyuta zaamua kifurushi kipande ndege au lori

KAMPUNI nyingi zinazosafirisha vifurushi sasa huiachia programu ya kompyuta kazi ya kuchagua njia ya usafiri. Kampuni yenyewe ndiyo hutunga kanuni na kuzibadili ipendavyo: kizito kipelekwe kwa lori, cha haraka kipande ndege.

Kanuni moja haina mjadala. Tangu Aprili 1, 2016, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, ICAO, limepiga marufuku betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama shehena ndani ya ndege za abiria, kwa hofu ya moto.

Karani aliyechoka huweza kusahau, programu haisahau. Hata hivyo, husoma maelezo tu, haifungui boksi. Betri zikiandikwa "vifaa vya simu", hakuna kanuni itakayozizuia.