"Wastani Timilifu" na "Namba Kamili"

Katika tafsiri za takwimu na za programu za kompyuta, istilahi "wastani kamili" yaweza kupotosha. "Namba kamili" ni namba isiyo na sehemu, kama -2, 0 au 7. Hivyo msomaji hudhani kwamba wastani nao hauna budi kukosa desimali. Sivyo.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, ingawa hapana kaya yenye sehemu ya mtu. Tuseme mwalimu anataka sampuli nasibu ya kubuni, ya kaya 10 za Kariakoo, yenye wastani uo huo. Azidishe: 10 × 4.3 = 43. Kompyuta ipe kila kaya mtu mmoja, kisha iwagawe 33 waliosalia, mmoja mmoja, kwa nasibu. Kaya zitatofautiana, jumla haitabadilika. Kwa kaya 8, jumla ingekuwa 34.4, na sampuli hiyo haiwezekani.

Wastani ambao sampuli huutimiza pasipo kukadiria twapendekeza uitwe "wastani timilifu". Tukishikilia "kamili", mwanafunzi aliyepewa 4.3 ataambiwa na lugha kwamba kazi haiwezekani, ilhali hesabu yairuhusu.